Aspirini, Chumvi na Magoti: Namna ya Kusoma Habari za Utafiti wa Tiba

Kuna sauti mbili ambazo hazikosekani kwenye makundi ya WhatsApp ya familia hapa Tanga. Ya kwanza inasema kila aliyevuka miaka hamsini ameze aspirini kila siku, kwani utafiti umeonyesha inazuia mtu kufa na moyo. Ya pili, ambayo mara nyingi hutumwa na mtu yule yule wiki inayofuata, inasema aspirini inachubua tumbo na kumwaga damu, wazee waiache mara moja, utafiti umeonyesha. Shangazi wa Chumbageni anameza, shemeji wa Makorora ametupa vidonge chooni, na kila mmoja anamsikitikia mwenzake.

Ajabu ni kwamba sauti zote mbili zina mzizi kwenye utafiti wa kweli, tena uliofanywa kwa uangalifu, na matokeo ya tafiti hizo hayagombani hata kidogo. Kilichopotea njiani ni habari ya nani alichunguzwa, akilinganishwa na nani, na tofauti ilikuwa watu wangapi. Ukizipata hizo tatu, nusu ya mkanganyiko wa habari za tiba unakwisha.

Tuanze na maneno yenyewe. Presha ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Namba ya juu hupimwa moyo unapobana, ya chini unapolegea ili ujae tena. Madaktari wengi huanza kusema una presha ya kupanda namba zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, tena zikiwa zimepimwa zaidi ya siku moja. Kiharusi ni hali ya sehemu ya ubongo kukosa damu ghafla, na huja kwa njia mbili: mshipa kuziba, au mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya kichwa. Ukimtazama mgonjwa kwa nje, njia hizo mbili zinafanana: mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki. Hata daktari mzoefu hawezi kuzitofautisha kwa macho akawa na uhakika. Kipimo cha CT cha kichwa, yaani picha ya mashine inayoonyesha ndani ya fuvu, ndicho kinachoamua.

Nao utafiti una sura nyingi, ila kwa msomaji wa kawaida zinatosha mbili. Kuna utafiti wa kufuatilia, ambapo watafiti hawamgusi mtu. Wanaangalia watu wanavyoishi na kuandika nani ameugua. Na kuna utafiti wa majaribio, ambapo watu hugawanywa kwa kura, kundi moja likapewa dawa na jingine likapewa kitu cha kulinganishia, kisha wote wakafuatwa kwa muda.

Tofauti ya sura hizi mbili wavuvi wa Deep Sea na Sahare, hapa Tanga, wataielewa haraka kuliko mimi na wewe. Nahodha mmoja anatoka na chambo kipya, anarudi na ngalawa imejaa. Jirani yake aliyetumia chambo cha siku zote karudi na vibua vitatu. Je, chambo kipya ni bora? Huwezi kusema. Huyu alitoka wakati wa bamvua, bahari ikijaa na kupwa kwa nguvu, yule wakati wa maji mafu. Huyu ana vijana wanne wenye nguvu, yule yuko na mwanawe mdogo. Pengine nahodha anayekimbilia chambo kipya ndiye nahodha hodari tangu zamani, na angejaza chombo hata kwa chambo kibovu. Ukitaka kujua habari ya chambo peke yake, chukua ngalawa nyingi, usiku mmoja, mwamba mmoja, halafu rusha shilingi kuamua nani atumie kipi. Ngalawa zikiwa nyingi vya kutosha, uhodari, bahati na upepo vitagawanyika sawasawa pande zote mbili, na kitakachobaki kuwatenganisha ni chambo.

Utafiti wa kufuatilia ni sawa na kuwasikiliza wavuvi wakisimulia. Una thamani kubwa, na mara nyingi ndio unaotuonyesha pa kuanzia, lakini bamvua na maji mafu vimo humo humo.

Mfano mzuri tunao hapa nchini. Kati ya 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia wakazi wa wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, na wakazi wa sehemu ya Dar es Salaam, wakiandika kila aliyepatwa na kiharusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa hesabu ya moja kwa moja, Hai ilikuwa na viharusi 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 107.9. Mtu akiishia hapo atasema mjini na shamba mambo ni mamoja. Lakini Dar es Salaam imejaa vijana waliokwenda kutafuta maisha, na Hai imebaki na wazee wao, na kiharusi huwaandama zaidi wazee. Watafiti wakarudia hesabu kana kwamba sehemu zote mbili zina mchanganyiko ule ule wa umri. Hai ikawa 108.6. Dar es Salaam ikaruka hadi 315.9.

Namba hazikughushiwa mara ya kwanza, wala hazikupikwa mara ya pili. Swali ndilo lilikuwa tofauti. Hesabu ya kwanza inamsaidia mganga mkuu anayetaka kujua aandae vitanda vingapi. Ya pili inajibu swali la mzee mwenye miaka sitini na tano anayeuliza kama kuishi mjini kunamweka hatarini zaidi kuliko ndugu yake wa kijijini. Ndiyo maana mtu akinitajia asilimia ya ugonjwa bila kusema imezingatia umri au la, huwa sina haraka ya kushangaa.

Kwa kuwa tumegusa kiharusi, tuiseme na ile imani ya jini. Huku pwani, mtu akianguka na mdomo ukapinda, wapo watakaosema kapitiwa, kapigwa na upepo mbaya, au katupiwa kitu. Wengi hudhani hizo ni fikra za watu wa mashamba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliowauliza watu wa sehemu zile zile mbili, ulikuta kinyume chake: Dar es Salaam ndiko walikozungumza zaidi habari za mashetani na uchawi, na Hai wakataja zaidi sababu za mwili. Sitaki kumvunjia mtu imani yake hapa. Dua haizuii gari la hospitali, vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Linaloumiza ni saa. Dawa ya kuyeyusha donge lililoziba mshipa, ambayo majaribio yake makubwa yalitoka 1995, ilionyesha faida kwa waliopewa ndani ya saa tatu tangu dalili zianze, na baadaye muda huo ukasogezwa hadi saa nne na nusu. Haitolewi kabla ya CT, na si kila hospitali inayo. Lakini hata pale isipokuwepo, mgonjwa anayefika mapema anaangaliwa presha, sukari, na njia ya kumeza asipaliwe na chakula. Anayefika siku ya tatu huenda amekwishapata nimonia.

Sasa turudi kwa shangazi na shemeji.

Sauti ya kwanza ina mzizi kwenye majaribio yaliyotoka mwaka 1988. Watu 17,187 waliofikishwa hospitalini wakishukiwa kupata shambulio la moyo waligawanywa kwa kura. Wengine wakapewa aspirini kila siku kwa mwezi mmoja, wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo. Baada ya wiki tano, kati ya kila watu 100 waliopata kidonge kitupu, karibu 12 walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa. Upande wa aspirini walikuwa karibu 9. Kwa kidonge cha bei ya pipi, hilo ni jambo kubwa sana.

Sauti ya pili imetoka kwenye majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018. Hawa walikuwa wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka sabini na kuendelea, wasio na historia ya ugonjwa wa moyo wala kiharusi. Walifuatwa kwa miaka karibu mitano. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi wakiwa na afya yao. Iliyoongezeka ni damu kuvuja vibaya: karibu watu 4 kati ya 100, dhidi ya karibu 3 kwa waliomeza kidonge kitupu.

Kwa hiyo mmoja alichunguzwa akiwa kitandani, mshipa wa moyo umeziba, na mwingine alichunguzwa akiwa anamwagilia bustani yake. Aspirini huzuia damu kuganda kuwa donge. Kwa wa kwanza, hatari ya donge ni kubwa kiasi kwamba hatari ya kuvuja damu inavumilika. Kwa wa pili hakuna donge la kupigana nalo, kumebaki kuvuja. Kama shangazi aliwahi kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha kuziba kilichothibitishwa kwa CT, na daktari akamwandikia aspirini, kuiacha kwa sababu ya sauti ya WhatsApp ni hatari. Kama ni mzima na alianza kumeza kwa kusikia tu, shemeji ana hoja. Na mgonjwa aliyeanguka nyumbani sasa hivi, mdomo umepinda, hapewi aspirini na mtu wa nyumbani. Huenda ni mshipa uliopasuka, na utakuwa unazidisha damu kumwagika.

Yale majaribio ya 1988 yana kisa ambacho watu wa pwani, tunaojua mambo ya nyota na falaki, tutakifurahia. Wahariri wa jarida lililoyachapisha waliwataka watafiti wayakatekate matokeo: wanaume kivyao, wanawake kivyao, wenye kisukari kivyao, ili ionekane dawa inamfaa nani hasa. Watafiti wakakubali, lakini nao wakaingiza mkato mmoja wa kwao: nyota ya kuzaliwa. Ikaonekana aspirini inawafaa watu wa nyota zote isipokuwa Mapacha na Mizani! Walifanya hivyo makusudi. Ukiyakata matokeo vipande vingi mno, lazima kipande kimoja kitatoa kioja kwa bahati tu. Kwa hiyo ukisikia dawa fulani imeonekana kufaa kwa wanawake wa miaka arobaini hadi arobaini na tano wenye damu ya kundi fulani, mkumbuke Mapacha.

Watu wa mkoa huu hawahitaji kwenda ng'ambo kuona majaribio ya kura yanavyofanyika. Korogwe ilikuwa moja ya vituo viwili vya Tanzania, pamoja na Bagamoyo, katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009 na kumalizika 2014, yakihusisha watoto 15,460 katika nchi saba za Afrika. Kundi la kulinganishia halikuachwa mikono mitupu. Watoto wakubwa kidogo wa kundi hilo walipata chanjo ya kichaa cha mbwa, na wachanga walipata chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Mzazi hakujua mwanawe kapata ipi, na daktari anayemwangalia mtoto akiugua naye hakujua. Kutojua huko ndio ufundi wenyewe, kwa sababu daktari anayeijua chanjo na kuipenda anaweza, bila nia mbaya, kuiita homa ya mtoto huyu mafua na ya yule malaria.

Kwa presha, majaribio ya namna hiyo ndiyo yaliyobadilisha dunia. Zamani madaktari wengi waliamini presha hupanda kwa uzee kama mvi, na kwamba kuishusha kungeunyima ubongo damu. Rais Roosevelt wa Marekani alifariki Aprili 1945 kwa mshipa wa ubongo kupasuka, presha yake ikiwa 300 kwa 190, na dawa ya maana ya kumpa haikuwepo. Mwaka 1967 yakatoka majaribio ya wanaume 143 tu, wote wakiwa na namba ya chini kati ya 115 na 129. Waliopewa kidonge kitupu walipata matukio mabaya 27, yakiwemo viharusi na moyo kushindwa kazi. Waliopewa dawa walipata 2. Tofauti ikiwa kubwa kiasi hicho, huhitaji maelfu ya watu kuiona.

Lakini jambo kuleta maana haliwi kweli kwa sababu hiyo peke yake, na hapa kuna kisa ambacho kila mwenye kupenda kusema "inaingia akilini" angekijua. Miaka ya 1980, madaktari waliona kwamba waliopona shambulio la moyo, ikiwa mapigo yao yanarukaruka, hufa zaidi. Kulikuwa na dawa zinazotuliza mapigo hayo, na kipimo kilionyesha wazi kwamba yanatulia. Zikaandikwa kwa wagonjwa wengi mno. Baadaye zikajaribiwa kwa kura, karibu watu 1,500, nusu dawa, nusu kidonge kitupu. Kwa muda wa takriban miezi kumi walikufa watu 63 upande wa dawa, na 26 upande wa kidonge kitupu. Mapigo yalikuwa yametulia kweli. Ndiyo sababu tangazo la dawa ya mitishamba linalosema "imethibitishwa kushusha presha" linapaswa kuulizwa lilichopima: namba kwenye mashine siku ile, au watu waliokufa na waliopona baada ya miaka? Dawa za kisasa nazo ziulizwe hivyo hivyo. Mimi sina upendeleo katika hili.

Tuje kwenye chumvi, ambako namba huchezewa kuliko mahali popote. Huku kwetu kuna ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kuna chumvi inayoongezwa kwenye embe bichi na kwenye muhogo wa kuchoma, na kuna ile chupa ya mezani inayotikiswa kabla chakula hakijaonjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kidogo cha chai, zikiwemo zilizo kwenye mkate na supu.

Mwaka 2021 yalitoka majaribio ya vijiji 600 huko China, vyenye washiriki 20,995 waliowahi kupata kiharusi, au waliokuwa na miaka sitini na zaidi na presha ya kupanda. Kura ilipigwa kwa kijiji kizima: nusu ya vijiji vilitumia chumvi ya kawaida, nusu vikapewa chumvi ambayo robo yake imebadilishwa kuwa ya madini ya potasiamu. Baada ya karibu miaka mitano, gazeti moja lingeweza kuandika: chumvi mpya yapunguza kiharusi kwa asilimia 14. Jingine: chumvi mpya yaokoa watu chini ya watano kwa mwaka katika kila elfu. Yote mawili ni kweli, na ni matokeo yale yale. Vijiji vya chumvi ya kawaida vilipata viharusi karibu 34 kwa watu elfu kwa mwaka. Vya chumvi mpya karibu 29. Asilimia 14 ni sehemu iliyopungua katika wale 34. Wale karibu watano ni idadi yenyewe.

Mwenye kuuza atakutajia asilimia. Mwenye kupinga atakutajia idadi. Wewe omba zote mbili, kwa sababu punguzo la nusu linaweza kumaanisha kutoka watu 40 kwenda 20, au kutoka watu 2 kwenda 1. Na kwa mji wenye wazee maelfu, watu watano kwa kila elfu, mwaka hadi mwaka, si haba. Onyo moja kabla hujaenda kuitafuta dukani: mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, asiiguse chumvi hiyo bila kumuuliza daktari, maana potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo.

Mboga za majani nazo zina hadithi yake. Utafiti wa Ghana na Nigeria uliochapishwa 2018 uliwalinganisha watu 2,118 wenye kiharusi na wenzao 2,118 wasio nacho, wa umri na jinsia ile ile. Presha ilijitokeza kama chanzo kikubwa kupita vyote, na kula mboga za majani kidogo nako kukahusishwa na kiharusi. Hapa tumerudi kwenye bamvua: huenda anayekula mchicha na kisamvu kila siku ndiye pia anayetembea kwenda shambani na asiyevuta sigara, ingawa watafiti walijitahidi kuyachuja hayo kwa hesabu. Kula kisamvu chako bila wasiwasi. Ila mtu akikuuzia unga wa mchicha kwa shilingi elfu thelathini kwa kusema utafiti wa Afrika umeonyesha unazuia kiharusi, huo utafiti haukujaribu unga wake.

Juu ya presha kuna mambo matatu ninayoyasikia kila mara kwenye benchi za kliniki, niyapitie haraka. Kwamba unaweza kuijua kwa kichwa kuuma: wengi wenye presha hawasikii chochote, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya wenye nayo duniani hawajui kama wanayo. Kwamba ukianza dawa huachi kwa sababu dawa "inakuzoesha": dawa haikuzoeshi, ugonjwa ndio haukuondoka, na namba zinarudi juu ukiacha kwa kuwa kilichozishikilia kimeondolewa. Na kwamba kipimo cha duka la dawa ni cha uongo: mara nyingi mashine haina kosa, wewe ndiye umetoka kuendesha baiskeli kutoka Mikanjuni kwenye jua, ukapitia barazani vikombe viwili vya kahawa chungu, ukakaa kitini ukaanza kusimulia mpira huku unapimwa. Kaa kimya dakika tano, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa.

Kuna na mishipa ya fahamu, mifupa na viungo, ambako nadhani watu wetu wanaliwa fedha zaidi kuliko kwenye moyo, kwa sababu maumivu yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Mtu hununua dawa siku goti limemzidia. Baada ya wiki limetulia, kama lilivyotulia mara iliyopita bila dawa. Sifa anapewa muuzaji.

Jinsi jambo hili lilivyo na nguvu, tazama kilichofanyika Houston, Marekani, na kutangazwa 2002. Wagonjwa 180 wenye magoti yaliyolika walikubali kupigiwa kura. Wengine walifanyiwa upasuaji wa kamera wa kukwangua na kusafisha goti. Wengine walioshwa goti kwa maji peke yake. Kundi la tatu walichanjwa ngozi tu, daktari akaomba vyombo na kumwaga maji kana kwamba anafanya kazi, kisha wakashonwa. Walijua tangu mwanzo kwamba wanaweza kuangukia kundi hilo, ila hakuna aliyejua yuko wapi. Walifuatwa miaka miwili. Makundi matatu hayakutofautiana kwa maumivu wala kwa kupanda ngazi. Upasuaji ule ulikuwa ukifanywa kwa mamia ya maelfu ya watu kila mwaka.

Hiyo haina maana kwamba maumivu yao yalikuwa ya kujisingizia. Goti lilikuwa limelika kweli na liliuma kweli. Ila kutarajia nafuu, kuhudumiwa, na mzunguko wa maumivu yenyewe vina nguvu ambayo hatuwezi kuitenganisha na dawa mpaka tuweke kundi la kulinganishia. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa sana kwa wazee, vilijaribiwa kwa watu 1,583 na matokeo yakatoka 2006. Kwa jumla havikushinda kidonge kitupu, na kati ya waliomeza kidonge kitupu, karibu 60 katika kila 100 walisema wamepata nafuu. Kwa hiyo jirani akikuapia kwamba vimemsaidia, hakudanganyi.

Mgongo nao: mtu anapiga picha ya MRI, anaambiwa pingili zimesagika, anarudi nyumbani amekwisha kujiona mlemavu. Mapitio yaliyochapishwa 2015 yalikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Katika umri wa miaka ishirini, 37 kati ya 100 walikuwa tayari na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa. Kwenye miaka themanini walikuwa 96. Picha hiyo hiyo unayoonyeshwa kama sababu ya maumivu yako wanayo wazee wengi wanaolima na kucheka. Inakuwa na uzito inapoendana na dalili: mguu kupoteza nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe. Hapo usingoje kesho.

Limebaki jambo la sisi wenyewe kuombwa kushiriki. Ukanda huu una kumbukumbu ndefu za mumiani, na gari jeupe linalokuja kijijini kuchukua damu haliwezi kupokelewa bila minong'ono. Sioni haja ya kuwacheka wanaonong'ona. Historia ya tiba ina watu waliotumiwa bila kuulizwa. Sheria za sasa zimeandikwa kwa sababu hiyo hiyo. Utafiti wa tiba unaohusisha watu nchini unapaswa kuwa na kibali cha maadili, na kibali cha ngazi ya taifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo hapa Tanga. Una haki ya kuonyeshwa karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili, kusomewa kama husomi, kuambiwa damu inayochukuliwa ni kiasi gani na itapimwa nini, nani atagharamia matibabu ukidhurika, na simu ya mtu wa kumlalamikia asiye miongoni mwa watafiti. Unaweza kwenda na karatasi hiyo nyumbani, ukashauriana na mwenzio au na mtu wa zahanati unayemwamini, ndipo ujibu. Na ukitia saini leo, kesho unaweza kujitoa bila kutoa sababu, na kliniki yako ya presha ikaendelea kukuhudumia kama kawaida.